Marekani: Ilifagia Kwake, Ikaingia kwa Wengine



Siku hizi tumekuwa tukibishana sana kuhusu Marekani. Wengine mnasema ni nchi ya haki, imepokea wakimbizi wengi na imetoa misaada mingi. Wengine mnasema hapana, hiyo ni nchi ya kuingilia mambo ya watu. Mimi nimesoma historia yao ya miaka kati ya 1889 na 1914, na nimeona kwamba pande zote mbili za ubishi wetu zilikua pamoja. Marekani ya kutetea maskini na Marekani ya kuchukua visiwa vya watu ilikuwa ni ile ile, miaka ile ile, na mara nyingine ndani ya mtu yule yule. Ndo nataka tuangalie leo. Makala ni ndefu, mwenye bando dogo ahifadhi asome jioni taratibu.

VYUMBA VISIVYO NA DIRISHA

Mwisho wa karne ya 19 Marekani ilijaa viwanda: chuma, nguo, nyama, reli. Viwanda vilitaka mikono, na mikono ilitoka mbali: Italia, Urusi, Polandi, Ireland. Mwaka 1892 serikali ilifungua kituo cha kupokea wahamiaji kwenye kisiwa cha Ellis Island, mlangoni mwa New York. Watu walipanga mstari, daktari anawatazama wanavyotembea, anawafunua kope kutafuta ugonjwa wa macho, na anayemtilia shaka anamwandika herufi ya chaki kwenye nguo. Sisi tuliosimama kwenye mistari ya usajili hatuhitaji kuelezwa moyo unavyodunda pale. Wengi walipita siku hiyo hiyo. Ila si kila mtu alikaribishwa: tangu 1882 kulikuwa na sheria iliyowafungia mlango vibarua kutoka China.

Waliopita waliishia kwenye majengo ya kupanga, ghorofa tano au sita, familia nzima imebanana, na vyumba vya katikati havina dirisha hata moja. Choo kiko uani na kinagombaniwa na watu wengi. Kifua kikuu kilimaliza watu humo.

Mwandishi wa habari mmoja, Jacob Riis, naye mhamiaji kutoka Denmark, aliingia humo usiku akiwa na kamera na unga unaowashwa ukatoa mwanga mkali. Mwaka 1890 alitoa kitabu kuhusu maisha hayo. Watu wenye pesa, waliokuwa wakiishi mitaa michache tu kutoka pale, wakaona aibu. Kelele zikaanza, na mwaka 1901 jimbo la New York likapitisha sheria: kila jengo jipya la kupanga, kila chumba kiwe na dirisha la kutazama nje, na vyoo viwe ndani.

Hapo Riis anastahili sifa. Lakini tuseme yote. Mara nyingine aliingia vyumbani bila kubisha, watu wanashtuka usingizini na mwanga usoni. Na katika maandishi yake aliwasema Wachina, Wayahudi na Waitaliano kwa dharau. Yaani aliwahurumia bila kuwaheshimu. Tulishike jambo hilo, maana ndilo lililoenda mbali zaidi baadaye.

MAMA WA JIKO NA TAKA

Kuna aliyefanya kwa njia nyingine. Mwaka 1889, huko Chicago, Jane Addams na rafiki yake Ellen Gates Starr walichukua nyumba kubwa ya zamani mtaa wa Halsted, katikati ya wahamiaji maskini, wakahamia humo. Nyumba iliitwa Hull House. Hawakuwa wanakuja asubuhi na kuondoka jioni kwa gari. Walilala pale. Walianzisha shule ya watoto wadogo, madarasa ya jioni, sehemu ya kusomea.

Sasa sikilizeni hadithi ya jiko. Addams na wenzake waliona majirani wanakula vibaya, basi wakafungua jiko la jamii, chakula kimepangwa kitaalamu, chenye afya na bei nafuu. Majirani hawakukitaka. Kila kabila lilikuwa na ladha yake, na hakuna aliyetaka kula chakula cha watu wengine eti kwa sababu kina virutubisho. Nyinyi mnaokula mbaazi za njano mwezi hadi mwezi mnaelewa. Addams hakukasirika na kusema hawa watu hawana shukrani. Aliandika kisa hicho mwenyewe, na ile sehemu ikawa mahali pa kunywa kahawa na kukutana, kitu ambacho watu walikitaka kweli. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikilalia.

Mtaani kwake taka zilikuwa zinarundikana na watoto wanakufa. Mwaka 1895 Addams akapewa kazi ya ukaguzi wa taka wa kata ile. Mwanamke aliyesoma, mtoto wa tajiri, anaamka alfajiri kufuata mikokoteni ya taka kuhakikisha inamwaga panapostahili. Mwenzake wa Hull House, Florence Kelley, alichunguza viwanda vya nguo, na mwaka 1893 jimbo la Illinois likapiga marufuku watoto chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani, na likaweka kikomo cha saa 8 kwa wanawake. Kelley ndiye aliyekuwa mkaguzi mkuu wa kwanza wa viwanda vya jimbo hilo. Miaka miwili baadaye mahakama ikafuta kile kipengele cha saa 8. Mnaona? Haki haikuja kwa mstari ulionyooka. Ilikuja mbele, ikarudishwa nyuma, ikasukumwa tena.

Na waliosukuma sana ni wenyewe walioumia. Novemba 1909, New York, wafanyakazi wa viwanda vya kushona blauzi walikutana. Wakubwa wa vyama wakaongea saa nyingi bila kufikia uamuzi. Msichana mmoja wa miaka 23, Clara Lemlich, aliyezaliwa Ukraine, aliomba nafasi akasema kwa lugha yake ya Kiyidi kwamba maneno yametosha, wagome. Wakagoma, zaidi ya 20,000, wengi wao wasichana. Viwanda vingi vikakubali masharti. Kiwanda cha Triangle kilikataa kukitambua chama chao. Tarehe 25 Machi 1911 moto ukawaka Triangle, ghorofa za juu, mlango wa ngazi umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zima moto hazikufika juu kiasi hicho. Watu 146 wakafa, wengine kwa kuruka dirishani. Baada ya maziko, New York ikaunda tume ya uchunguzi, na sheria nyingi za usalama kazini zikafuata. Zilipatikana kwa sababu wale wasichana walishakuwa na chama, magazeti ya lugha zao, na baba na kaka zao waliopiga kura. Kulikuwa na mtu wa kuogopa hasira yao.

SASA TUTOKE NJE

Tuvuke bahari, lakini tubaki miaka ile ile.

Kuba ilikuwa koloni la Hispania na Wakuba walikuwa wanapigania uhuru. Mwaka 1896 jenerali wa Hispania, Valeriano Weyler, aliamuru watu wa vijijini wahamishwe kwa nguvu na kukusanywa kwenye maeneo yanayolindwa na askari, ili wapiganaji wakose chakula na mahali pa kujificha. Humo watu walikufa kwa njaa na magonjwa, makumi ya maelfu. Magazeti ya Marekani yakaandika kila siku, na wasomaji wakakasirika kwa haki kabisa. Februari 1898 meli ya kivita ya Marekani, Maine, ikalipuka bandarini Havana na kuua watu zaidi ya 260. Hispania ikalaumiwa bila ushahidi wa kutosha. Aprili vita ikaanza.

Vita ilikuwa fupi. Lakini risasi kubwa ya kwanza haikupigwa Kuba. Ilipigwa Manila, Ufilipino, upande wa pili wa dunia, tarehe 1 Mei 1898. Huko pia wenyeji walikuwa wanapigana na Hispania. Kiongozi wao, Emilio Aguinaldo, alitangaza uhuru tarehe 12 Juni 1898. Wafilipino walidhani wamepata rafiki.

Desemba mwaka huo Marekani na Hispania wakatia sahihi mkataba Paris. Marekani ikapata Puerto Rico, Guam na Ufilipino, na kwa Ufilipino ikailipa Hispania dola milioni 20. Wafilipino walimtuma mjumbe wao, Felipe Agoncillo. Alikwenda Paris, alikwenda Washington, kote akafungiwa mlango. Mamilioni ya watu wakauzwa na mtu asiye na nguvu tena kwa mtu aliyefika jana, na wao hawakupewa hata kiti cha pembeni.

Hawaii ilikuwa hivyo hivyo. Malkia Liliʻuokalani aliangushwa mwaka 1893 na kundi la wafanyabiashara wenye asili ya Marekani na Ulaya, askari wa majini wa Marekani wakiwa wameshuka mjini. Mwaka 1897 Wahawaii walikusanya sahihi zaidi ya 21,000 kupinga nchi yao kuchukuliwa. Kwa watu wachache kama wale, hiyo ni sehemu kubwa sana ya taifa. Sahihi zikafika Washington na zikasaidia kusimamisha mkataba ule. Julai 1898, vita ikiwa imepamba moto, Bunge likapitia njia nyingine na Hawaii ikachukuliwa.

Rais McKinley alitangaza kwamba Marekani imekwenda Ufilipino kwa wema, siyo kama mvamizi bali kama rafiki. Februari 1899 mapigano yakaanza kati ya huyo rafiki na wenyeji. Yalikwenda zaidi ya miaka mitatu. Askari wa Marekani zaidi ya 4,200 walikufa, wapiganaji wa Kifilipino zaidi ya 20,000, na raia wanakadiriwa kufika 200,000 kwa vita, njaa na kipindupindu. Wafungwa waliteswa kwa kumiminiwa maji mdomoni mpaka tumbo livimbe. Hayo siyo uzushi wa maadui, yalisemwa mbele ya Seneti ya Marekani mwaka 1902.

Na sasa sehemu ambayo sisi hasa hatuwezi kuisoma haraka. Desemba 1901, mkoa wa Batangas, Jenerali J. Franklin Bell aliwaamuru wanavijiji wahamie ndani ya maeneo maalumu kabla ya Krismasi. Watakachokiacha nje kingeweza kuchukuliwa au kuchomwa. Mwanamume atakayekutwa nje angekamatwa, na akikimbia kupigwa risasi. Maeneo hayo yalipewa jina zuri: maeneo ya ulinzi. Wakabanana, chakula kikapungua, maradhi yakaingia, watu wakafa. Yaani kile kile alichofanya Weyler Kuba, kile kilichowafanya Wamarekani walie na kwenda vitani kuwaokoa watu, kabla ya miaka minne kuisha walikifanya wenyewe.

Sisemi kambi yetu ni kama Batangas. Hapana. Sisi tulikimbilia hapa kutafuta usalama, wao walisukumwa ndani na bunduki. Lakini mtu aliyeishi kambini anajua jambo moja: neno "ulinzi" lina mwenye kulisema na mwenye kuambiwa, na si lazima walione sawa.

MTU YULE YULE

Unaweza kusema, ah, kule New York walikuwa watu wema na kule Ufilipino walikuwa watu wabaya. Ingekuwa rahisi. Sivyo.

Chukua Theodore Roosevelt. Alipokuwa mkuu wa tume ya polisi New York, alizunguka mitaani usiku na Jacob Riis kuona maskini wanavyolala. Alipokuwa rais, Oktoba 1902, wachimba makaa ya mawe walikuwa wamegoma kwa miezi, na yeye akawaita wamiliki na viongozi wa wafanyakazi akawalazimisha kusuluhishwa. Wachimbaji wakapata nyongeza ya asilimia 10 na saa za kazi kupunguzwa. Juni 1906, baada ya mwandishi Upton Sinclair kueleza uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago, alitia sahihi sheria za kukagua nyama, chakula na dawa. Mtu huyo huyo ndiye aliyeitaka sana vita ya 1898, akapigana Kuba, na Julai 1902, miezi mitatu tu kabla ya kuwasikiliza wachimba makaa, alitangaza kwamba vita ya Ufilipino imekwisha na nchi imebaki chini ya Marekani. Mwaka 1903 aliharakisha kuitambua Panama ilipojitenga na Kolombia, na mkataba wa mfereji ukatiwa sahihi kwa niaba ya Panama na Mfaransa. Hakuna Mpanama aliyeweka sahihi pale.

Kwa nini masikio yalisikia Pennsylvania na hayakusikia Manila? Jibu mojawapo ni biashara na bandari, ndiyo. Lakini jibu lingine ni lile la Riis: huruma bila heshima. Wengi wao waliamini watu wa rangi nyingine ni kama watoto, wanahitaji kulelewa. Na mtoto haulizwi.

Na wasingeweza kuamini hivyo nje kama hawakuamini hivyo ndani. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ilihalalisha kuwatenga Weusi. Tarehe 10 Novemba 1898, mwaka ule ule wa kwenda kuwapa watu uhuru, Wazungu wenye silaha walivamia mji wa Wilmington, North Carolina, wakaua Weusi na kuiangusha serikali ya mji iliyochaguliwa kwa kura. Washington haikutuma askari. Mwaka 1901 mahakama ile ile ikasema Puerto Rico ni mali ya Marekani lakini siyo sehemu kamili ya Marekani. Tafsiri yake kwa lugha yetu: wewe ni wetu, ila sisi siyo wako. Mpaka leo mtu anayeishi Puerto Rico ni raia wa Marekani lakini hapigi kura ya rais.

Kuna kisa kimoja kinatugusa sisi Wakongo moja kwa moja. Mwaka 1904 mji wa St. Louis ulifanya maonyesho makubwa ya dunia. Wafilipino zaidi ya 1,000 walipelekwa kuonyeshwa humo, na Mmarekani mmoja alileta pia vijana kutoka msitu wa Kongo. Mmoja wao ni Ota Benga. Septemba 1906 Ota Benga aliwekwa kwenye nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama Bronx, New York, watu wanakuja kumwangalia. Mnahesabu miezi? Juni mwaka huo nchi ilipitisha sheria nyama isichafuliwe. Septemba, mji uliokuwa mstari wa mbele kwa mageuzi, mwanadamu yuko bandani. Waliomtoa ni wachungaji Weusi wa New York waliopinga kwa nguvu. Hakupata kurudi nyumbani. Alijiua mwaka 1916, Virginia.

WALIOKATAA

Tusiwaweke Wamarekani wote kapu moja. Mwaka 1898 huko Boston kiliundwa chama cha kupinga ubeberu. Kilikuwa na watu wa kila aina: rais mstaafu Grover Cleveland, kiongozi wa wafanyakazi Samuel Gompers, tajiri wa chuma Andrew Carnegie, mwandishi Mark Twain, na yule yule Jane Addams wa taka. Siyo wote walikuwa malaika. Carnegie alitetea uhuru wa Wafilipino, lakini mwaka 1892 kiwandani kwake Homestead wafanyakazi waliogoma walipigwa risasi. Na baadhi walipinga kuchukua visiwa kwa sababu hawakutaka watu weusi na wa kahawia waongezeke nchini. Ila Addams aliona kitu ambacho wengi hawakukiona. Alisema wazi kwamba vita ya mbali inarudi nyumbani: watoto wa mtaani kwake walianza kucheza michezo ya kuuana, na ukatili ukaongezeka.

Na Kongo yetu imo. Tarehe 22 Aprili 1884 Marekani ilikuwa dola kubwa ya kwanza kuitambua bendera ya shirika la Leopold II, aliyejidai anakuja Kongo kukomesha biashara ya watumwa na kuleta maendeleo. Lakini Mmarekani Mweusi, George Washington Williams, alifika Kongo, akaona kwa macho yake, na tarehe 18 Julai 1890, akiwa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, akamwandikia Leopold barua ya wazi kumweleza uovu wa utawala wake. Alikuwa kati ya watu wa kwanza kabisa kuuanika hadharani. Alichofanya tofauti ni kwamba aliwauliza Wakongo wenyewe. Mwingine, mmisionari Mweusi William Sheppard wa Kasai, mwaka 1899 alikuta mikono 81 iliyokatwa ikikaushwa juu ya moto, akaihesabu mmoja mmoja, akaripoti. Mwaka 1905 Mark Twain akatoa kijitabu cha kumdhihaki Leopold. Kelele hizo pamoja na za Waingereza zilimfanya Leopold aachie Kongo mwaka 1908. Kongo ikapewa Ubelgiji. Wakongo hawakuulizwa tena, na mwisho wa Leopold haukuwa mwisho wa ukoloni.

LAKINI SHULE JE?

Najua kuna mtu ataniambia: kaka, Marekani ilijenga shule Ufilipino. Ni kweli. Agosti 1901 meli ya jeshi iitwayo Thomas ilishusha walimu wapatao 500, na wengine wakafuata. Walifundisha Kiingereza, walifundisha usafi, baadhi walikufa kwa magonjwa huko huko. Wafilipino wengi walisoma na walizitumia shule hizo kudai uhuru, ambao waliupata tarehe 4 Julai 1946. Shule ni shule, siwezi kuikejeli. Mimi mwenyewe nisingekuwa naandika haya bila shule ya msaada.

Lakini tuulize mpangilio. Walimu waliposhuka kwenye meli, jamhuri ya Wafilipino, yenye katiba ya Januari 1899, ilikuwa imeshabomolewa. Walipewa daftari baada ya kunyang'anywa nchi, na kisha daftari likatumika kuwa sababu kwamba hawako tayari kujitawala. Msaada ule ulikuwa wa kweli, na ulitumika kufunika swali.

Swali lenyewe ndilo nimelipata katika historia hii yote, nalo ni dogo: anayesaidiwa anaweza kusema hapana, na msaidizi akasikia? Jiko la Hull House lilibadilika kwa sababu majirani walikataa kula na Addams akakubali. Viwanda vya New York vilibadilika kwa sababu wasichana waligoma na kulikuwa na kura nyuma yao. Batangas watu walisema hapana, wakaambiwa wahamie ndani ya mstari kabla ya Krismasi. Hawaii walisema hapana kwa sahihi 21,000, na nchi ikaenda. Wema haukupungua sana kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kilichopungua ni nguvu ya anayesaidiwa.

Ndo maana naandika haya kwenye kikundi cha vijana wa kambini na siyo cha Wamarekani. Kuna shirika lilijenga vyoo vizuri kabisa, saruji na mabati, lakini mbali na nyumba, kwenye giza. Akina mama na wasichana wanaogopa kwenda usiku. Ripoti nadhani inasema vyoo vipo. Vipo kweli. Hakuna mama aliyeulizwa aonyeshe mahali. Na mimi ninayevaa fulana ya kujitolea niko upande wa pili wa fomu pia. Ninapopita nyumba kwa nyumba na kalamu, kwa yule bibi mlangoni mimi ndiye mwenye kamera ya Riis. Kijana wa Kikongo anaweza kumdharau Mkongo mwenzake kwa lugha ya mradi, akaandika "hawana uelewa" wakati bibi alikuwa anasema hapana kwa akili zake timamu.

Kwa hiyo tukiulizana tena kama Marekani ni nzuri au mbaya, napendekeza tuache swali hilo. Tuulize kwa kila msaada, uwe wa Marekani, wa Ulaya, wa serikali iliyotupokea au wa sisi vijana wenyewe: nani aliulizwa kabla? Akikataa, inakuwaje? Na kuna njia gani ya kumwondoa au kumbadilisha anayesimamia?

Wiki ijayo kamati yetu inapanga mradi wa maji wa vijana. Naomba kabla hatujachora ramani, twende kwanza tukae na akina mama wanaochota, tuwaulize bomba likae wapi. Wakisema siyo pale tulipofikiri, ramani ibadilike.